Makaburi Chini ya Miti: Mwongozo Kamili wa Kugeuza Eneo la Maziko Kuwa Msitu

Kila ifikapo Agosti naletewa picha zilezile. Vijiti vikavu vimesimama kwa mstari katikati ya makaburi, kila kimoja kimezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na chini ya picha swali moja: tumekosea wapi?

Siwezi kumcheka mtu. Mwaka wetu wa kwanza tulipanda miche 120 kwenye makaburi ya mtaa, kukawa na turubai, spika na mgeni rasmi. Vuli ilipoanza, miche iliyokuwa hai ilikuwa tisa. Niling'oa mmoja wa ile iliyokufa, ukatoka kama ulivyoingia: mizizi imejiviringa ndani ya kiriba cheusi, ule mfuko wa plastiki wa kitalu, na kiriba chenyewe kizima, hakijachanwa. Aliyeupanda mche ule ni mimi.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu wa mtaa, kijiji, parokia au msikiti wenye eneo la maziko la nusu ekari hadi ekari tano hivi. Mfano nitakaourudia ni makaburi ya msituni ya Skogskyrkogården, kusini mwa jiji la Stockholm nchini Sweden. Mwaka 1915 wasanifu wawili, Gunnar Asplund na Sigurd Lewerentz, walishinda mashindano ya kuyachora, na mwaka 1994 UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wanaoyaona kwenye picha hudhani jamaa wale walipanda msitu. Hawakuupanda. Walikuta misonobari imeota, wakaiacha, wakaingiza makaburi chini yake.

Sisi tunaanzia mkiani. Tunafyeka kila kitu ili pawe pasafi, halafu tunamwita mgeni rasmi aje atupandie kivuli.

## Vitu vya kuandaa

- Futi kamba ya mita 30 au 50, kamba ya katani, na vigingi 60 vya mti
- Daftari kubwa lenye jalada gumu, na penseli (wino huyeyuka mvua ikikukuta)
- Majembe, sururu, chepe, panga, msumeno wa kupogolea, toroli
- Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila shimo
- Nyasi kavu au majani ya matandazo, gunia moja kwa kila mche
- Miiba, matete au vipande vya mianzi vya kukingia miche
- Miche yenye afya, urefu wa sentimita 30 hadi 50
- Madumu ya lita 20, na watu wa kuyabeba

Hilo la mwisho ndilo linaloamua mengine yote. Wakati wa kiangazi cha kwanza kila mche unahitaji lita 10 kwa wiki. Miche 40 ni lita 400, yaani madumu 20 kila wiki, kuanzia mvua zinapokatika mpaka zinaporudi. Kaa na wenzako muulizane ukweli: mwezi wa tisa, vumbi limetanda, nani atabeba madumu 20? Kama mna uwezo wa madumu kumi, pandeni miche 20. Sisi tulianza na 120 kwa sababu kuna mtu alitupa 120 bure.

## Hatua ya 1: Kubalianeni kanuni kabla ya kushika jembe

Nenda kwanza kwa mwenye mamlaka ya eneo: serikali ya kijiji au mtaa, halmashauri au kaunti, baraza la parokia, kamati ya msikiti. Omba vitu viwili kwa maandishi: ruhusa ya kupanda, na kanuni za makaburi mapya. Ruhusa mtapewa siku hiyohiyo. Kanuni zitachukua miezi, na hizo ndizo zitakazookoa miti.

Adui mkubwa wa msitu wa makaburini ni saruji. Familia moja ikimwaga zege kaburi zima na kupachika malumalu, jirani yake naye atataka, na baada ya miaka kumi eneo lote limegeuka sakafu. Mvua inateleza juu na kwenda zake, mizizi haipati maji wala hewa. Usiwakataze watu kujengea kabisa, maana hapo mtagombana na kila msiba. Sisi tulikubaliana hivi:

- Kaburi liwekewe kingo za tofali au jiwe, katikati pabaki udongo wa kuotesha nyasi au maua.
- Alama ya kichwani isizidi urefu wa goti.
- Hakuna anayepanda mti wake kwenye kaburi la mtu wake bila kamati kujua.
- Hakuna anayekata mti wala kuokota kuni bila kamati kujua.

Kule Stockholm mawe ya makaburi yamewekwa madogo na ya chini ili jicho lione mashina ya miti kwanza. Kwa Waislamu wengi hoja hii haina ugumu, kwa kuwa kaburi la kawaida lina mashahidi mawili tu, yaani alama za kichwani na miguuni, na tuta la udongo. Ugumu upo zaidi kwetu Wakristo, na hasa kwa mtoto aliyefanikiwa mjini ambaye hakufika wakati mzee anaumwa. Mweleze kwa upole. Huyo atajenga ili aonekane.

Kama wazee wanatilia shaka kwamba kanuni tupu inaweza kulinda miti, watajie kaya za Wamijikenda huko pwani ya Kenya. Ni misitu yenye makaburi na sehemu za ibada za mababu, na kadhaa kati ya hiyo imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008. Haikulindwa na seng'enge. Imelindwa na makatazo ya wazee. Kaya Kinondo, kule Kwale, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, na anaambiwa asiondoke na chochote, hata jani.

Umefaulu hatua hii ikiwa mchimba kaburi anazijua kanuni kwa kichwa. Katibu kuzijua haitoshi, kwa kuwa siku ya maziko hayupo.

## Hatua ya 2: Tafuteni makaburi yasiyo na alama

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoleta aibu kubwa. Shimo la mti lina kina cha sentimita 60. Kaburi la mtoto mchanga, au kaburi la zamani lililochimbwa wakati wa njaa au maradhi, linaweza kuwa si mbali sana na hapo. Ukigonga ubao wa jeneza au kipande cha sanda, mradi umekufa siku hiyo, na unastahili kufa.

Fanyeni hivi. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi, tembeeni na wazee watatu au wanne, wanaume kwa wanawake. Bibi mara nyingi anajua zaidi, hasa walipozikwa watoto. Nendeni asubuhi mapema au jioni jua likiwa limelala, kwa sababu kivuli kirefu kinafichua kila bonde na kila tuta. Angalieni:

- Mahali palipobonyea kwa umbo refu, hata kidogo tu
- Jiwe moja lililosimama mahali pasipo na mawe mengine
- Vipande vya vyungu, sahani au bakuli
- Mmea uliopandwa kwa makusudi. Kwa Wachaga, sale likiota peke yake si la kupita bila kuuliza
- Nyasi zenye rangi tofauti na za jirani

Kila panapotiliwa shaka pigeni kigingi, mpime umbali wake kutoka vitu viwili visivyohama, kwa mfano kona ya uzio na mbuyu, kisha mwandike kwenye daftari. Msichokonoe ardhi kwa nondo kutafuta kilichomo. Hata kama mngekipata, watu hawatawasamehe.

Mkimaliza, choreni ramani ya eneo zima: makaburi, vigingi, miti iliyopo, njia ambazo watu wanazipita kweli, na mahali maji yanaposimama mvua ikinyesha. Ramani ikiwa na sehemu kubwa ya "hatujui", ifanyeni hiyo kuwa sehemu ya kuachwa. Hapo hapachimbwi kitu. Panasubiri hatua ya tatu.

## Hatua ya 3: Acha kinachoota chenyewe

Kabla ya kununua mche hata mmoja, simamisha kufyeka. Mwaka mzima. Fyeka njia na juu ya makaburi yenye familia zinazotembelea, pengine popote acha.

Utashangaa. Ardhi ambayo imefyekwa kwa panga miaka 20 chini yake bado ina visiki hai na mizizi. Watu wa Dodoma wamekijua kilimo hiki kwa jina hilohilo la kisiki hai: unachagua chipukizi mbili au tatu zilizonyooka, unakata nyingine zote, unapogoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu, kisha unafunga kitambaa chekundu ili mwenye panga aone kwamba hii ina mwenyewe. Mti huo tayari una mizizi mirefu. Hauhitaji dumu. Hauhitaji shimo, kwa hiyo ndio mti pekee unaofaa pale penye vigingi vya mashaka.

Kwetu, baada ya msimu mmoja tulihesabu miti 31 ya namna hiyo, bila kutumia hata shilingi, wakati ile 120 ya sherehe ilikuwa karibu imekwisha.

Onyo moja: majani marefu yanaficha nyoka, na yanawapa watu neno la kusema kwamba makaburi yametelekezwa. Fyeka ukanda wa mita mbili kila upande wa njia, na ufyeke siku tatu kabla ya maziko yoyote. Pakionekana pamepangwa, watu watavumilia pori nyuma yake.

## Hatua ya 4: Panga njia na uwazi, miti ifuate

Msitu wa makaburini hauwi mzuri kwa kujaa miti. Ukiingia Skogskyrkogården kwa lango kuu, mbele yako kuna mteremko mkubwa wa nyasi tupu na anga. Msitu uko nyuma yake. Kutoka kwenye kilima, Njia ya Visima Saba, mita 888, imenyooka kupita kati ya miti mpaka kanisa dogo la maziko. Mwanzo wa njia ni miti ya betula yenye gome jeupe na mwanga mwingi, baadaye misonobari, na mwisho miti yenye kivuli kizito. Mfiwa anaingia gizani polepole, hatua kwa hatua.

Kwetu hatuna mita 888, lakini mpango ni uleule. Anza na njia ya jeneza. Wabebaji wakiwa wawili wawili na watu pembeni wanahitaji upana wa mita tatu, bila mzizi wala kisiki. Itembeeni mkiwa mmebeba benchi begani. Mtaona wenyewe pale panapobana na pale penye kona isiyowezekana.

Halafu tengeni uwanja. Maziko ya kwetu yana watu 200, mara nyingine 500, na wote wanataka kusikia sala. Uwanja wa mita 20 kwa 20 ubaki nyasi, na miti iuzunguke pande za mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na la alasiri lizuiwe. Wengi wanapanda mti mkubwa katikati ya uwanja, na mwisho wake mchungaji anazungukazunguka shina huku nusu ya watu hawamwoni.

Njia nyingine ziwe za mita moja na nusu kati ya safu. Kwa makaburi ya Kiislamu huku Afrika Mashariki, Kibla iko kaskazini, hivyo makaburi yanalala mashariki–magharibi. Mikanda ya miti nayo iende hivyohivyo, isikatize safu.

Penye mwinuko wekeni ngazi, na mjue siri moja ndogo. Kule Stockholm kuna kilima chenye kichaka cha miti kileleni, Almhöjden, ambacho Lewerentz alikitengenezea ngazi zinazopungua kimo kadiri unavyopanda. Goti linapochoka, ngazi inakuwa fupi. Fundi wetu alicheka nilipomwambia, halafu akajenga hivyo ngazi 14 za mawe. Sasa bibi anayekuja kila Jumapili na fimbo anapanda bila kusimama katikati.

### Vipimo vya kuweka kwenye ramani

Kaburi la mtu mzima pamoja na nafasi ya mchimbaji lihesabie mita 1.2 kwa 2.4. Baada ya kila safu mbili za makaburi acheni mkanda wa mita tano au sita usiozikwa mtu, na mti wa kimo cha kati uwe katikati ya mkanda, yaani mita mbili na nusu au tatu kutoka ukingo wa kaburi lolote. Mti mkubwa wa mwavuli mpana ukae mita tano au zaidi, na mahali pake panapofaa ni mpakani.

Hapa mtaulizwa: si tunapoteza ardhi ya kuzikia? Ndiyo, mnaipoteza. Kwa eneo ambalo limebakiza nafasi ya miaka michache, mikanda haifai. Pandeni mpakani na kwenye sehemu ya zamani iliyojaa, basi. Mikanda ni kwa ajili ya sehemu mpya ambayo haijaanza kutumika.

## Hatua ya 5: Chagua miti

Miti ya kukataa kwanza, maana ndiyo mtakayopewa bure.

Mkaratusi. Unakua haraka, unakunywa maji ya wenzake, na matawi yake huanguka bila taarifa.

Mikuyu na jamaa zake. Ni mizuri porini. Makaburini mizizi yake inaingia kwenye ufa mwembamba wa saruji na kuufanya mlango.

Mkrismasi, ule wa maua mekundu ya Desemba. Kila mtu anaupenda. Mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua chochote kilicho juu yake. Uweke getini, mbali na makaburi.

Mwarobaini. Kiangazi hakiusumbui, ni kweli, lakini ndege wanasambaza mbegu na baada ya miaka michache hakuna mti mwingine uliobaki. Hasa pwani, mpakani tu, au usiwepo.

Mnazi. Nazi na vichwa vya waombolezaji. Nadhani inatosha.

Matunda. Mwembe unatoa kivuli kizuri kuliko mingi, lakini amueni mapema kama maembe ya makaburini yanalika. Kuna mitaa ambako watoto watayamaliza yakiwa mabichi, na kuna mitaa ambako yataoza chini na kujaza inzi kwa sababu hakuna atakayeyagusa.

Sasa ya kupanda. Sheria yangu ni hii: tembea kilomita tano kuzunguka eneo lenu, angalia miti mikubwa iliyosimama bila kumwagiliwa na mtu, kisha tafuta mbegu zake. Kwa pwani na nyanda za chini, mkwaju una mzizi mkuu unaoshuka chini na kivuli kizuri. Mkongo, ambao baadhi huuita mbambakofi, na mtondoo ulio karibu na bahari ni mizuri pia. Kwa nyanda za juu zenye mvua kuna mringaringa, podo na mruka. Sehemu kavu za bara, migunga ya hapohapo, na hiyo mara nyingi mtaipata kwa kisiki hai bila kupanda.

Mkwaju na mbuyu, kwa baadhi ya wazee wa pwani, ni makao ya pepo. Wengine watasema hapo ndipo mahali pake hasa, wengine hawataki kusikia. Ulizeni kabla, msibishane.

Changanyeni aina tatu au nne. Ugonjwa ukija hautabeba vyote. Miche mnaweza kupata kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwa Tanzania, na mbegu za uhakika kwa Kenya zinauzwa na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Kitalu cha kando ya barabara nacho si kibaya, ila kagua: inua kiriba, angalia chini. Mizizi iliyotoboa kiriba na kujikita ardhini itakatika siku ya kuhamisha, na mche utaduwaa. Chagua mche mfupi mnene kuliko mrefu mwembamba uliokimbilia jua.

## Hatua ya 6: Chimba mwezi mmoja kabla ya mvua

Shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu, ule mweusi, weka kulia. Wa chini, mwekundu au wenye changarawe, weka kushoto. Kuchimba mapema kunaupa udongo hewa, na kama kuna kaburi ambalo wazee walilisahau mtaliona mapema, kwa utulivu, bila mgeni rasmi.

Ikitokea: simamisheni, fukieni taratibu, mwiteni shehe au padri au mzee wa ukoo, na mwandike kwenye daftari. Shimo linahama mita tatu.

Mwaga ndoo ya maji kwenye shimo moja la majaribio. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake, mahali hapo pana mfinyanzi mzito na mkwaju wako utaoza. Chagua mahali pengine au tengeneza tuta.

## Hatua ya 7: Panda udongo ukiwa umelowa, si kalenda ikisema

Penye masika na vuli, masika ndiyo msimu wa kupanda. Kanda zenye msimu mmoja, kama Dodoma, Singida na Mbeya, ni Desemba na Januari. Kipimo ni mkono wako: chimba kidogo, udongo ukiwa umelowa mpaka kina cha kuanzia vidole hadi kiwiko, panda ndani ya wiki mbili. Sherehe yetu ilikuwa wiki ya mwisho ya Mei kwa sababu mgeni alikuwa na nafasi wiki hiyo. Mvua haikujua.

Kama lazima awepo mgeni, pandeni yote mapema mbakize shimo moja kwa ajili yake.

1. Wiki mbili kabla, toa miche kivulini polepole izoee jua, na punguza maji.
2. Siku ya kupanda mwagilia miche saa moja kabla, ili udongo ushikamane na mizizi.
3. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe la samadi mpaka mche ukiwekwa, shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na usawa wa ardhi.
4. Chana kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, kitoe chote, kiweke mfukoni. Mwisho wa kazi hesabuni viriba: idadi ilingane na miche. Viriba 38 kwa miche 40 maana yake miche miwili imezikwa na sanda yake.
5. Mizizi iliyojiviringa chini ikate kwa wembe, sentimita moja au mbili.
6. Jaza udongo, shindilia kwa kiganja, si kwa kisigino cha buti.
7. Tengeneza kisahani cha udongo kuuzunguka mche, upana wa mita moja, ili maji yasikimbie.
8. Mwagilia lita 10 hata kama mvua inanyesha. Maji haya yanaziba mianya ya hewa kwenye mizizi.

Mche uliopandwa vizuri ukiuvuta kidogo kwa vidole viwili haupandi juu. Andika namba yake kwenye daftari.

## Hatua ya 8: Kiangazi cha kwanza

Hapa ndipo picha za Agosti zinapopatikana.

Matandazo kwanza, mvua ikiwa bado haijakatika: unene wa sentimita 10, yafunike kisahani chote lakini yakae kiganja kimoja mbali na shina. Yakigusa shina, mchwa watapanda ngazi uliyowawekea.

Maji lita 10 mara moja kwa wiki, jioni, polepole. Watu wengi wanamwaga kikopo kila siku. Kikopo kinalowesha vumbi, mizizi inapanda juu kukifuata, jua linaiunguza. Heri maji mengi kwa nadra.

Mbuzi. Zungushia kila mche kizimba cha miiba au mianzi cha kimo cha kifua. Uzio wa eneo zima unaweza kuwa wa michongoma, ukiwa na subira ya miaka mitatu. Minyaa inaota haraka zaidi lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, na makaburini kuna watoto.

Moto ni mbaya kuliko mbuzi. Kwangueni mkanda wa mita tatu usio na nyasi kuzunguka eneo kabla ya Julai, na mwambieni jirani anayechoma shamba lini mmekwangua.

Gawaneni miche kwa majina ya kaya za walio hai: kaya ya fulani, namba 1 mpaka 4. "Sote tutamwagilia" ni neno la watu wasiomwagilia. Mvua zikirudi, hesabuni. Miche saba hai kwa kila kumi ni kazi nzuri. Chini ya nne, msipande mingine kabla hamjajua sababu. Ng'oeni iliyokufa mtazame mizizi, kama nilivyofanya mimi kwa kuchelewa.

## Hatua ya 9: Kuzika na kupogoa kati ya miti

Kuanzia mwaka wa tatu pogoeni matawi ya chini mpaka kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, wakati wa kiangazi, kwa msumeno na si panga. Panga linachana gome, na maji yanaingia.

Mchimba kaburi apewe sheria mbili. Asichimbe ndani ya mita mbili na nusu kutoka shina la mti wa kati, wala chini ya mwavuli wa mti mkubwa kama pana nafasi nyingine. Na akikutana na mzizi mnene kuliko kifundo cha mkono wake, asiukate, asogeze kaburi. Mti uliokatwa mizizi minene upande mmoja utaangukia upande wa pili, pengine miaka mitano baadaye, siku ya upepo. Mizizi midogo aikate kwa msumeno, ipone.

Kuni za kupogolea zitagombewa, kwa hiyo amueni mapema. Kwetu zinafungwa mizigo na kupelekwa kwenye nyumba itakayofuata kupata msiba, zipikie wali wa wafiwa. Wapo wasiotaka moto wa kuni za makaburini jikoni kwao, nao tunawauliza kwanza. Mzigo wa mwisho, mwezi wa kumi, ulikataliwa na nyumba mbili kabla ya kupokelewa na ya tatu.